Mkindu na Sosiot: Mti wa Pwani katika Historia ya Bonde la Ufa la Kati

1. Utangulizi

Mkindu huelezwa katika kamusi za Kiswahili kwa maneno machache: ni mti unaofanana na mtende, ambao majani yake husukwa mikeka na mikoba. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni ya upande mmoja. Yametokana na maisha ya watu wa pwani na visiwani, kwa kuwa ndiko wakusanyaji wa mwanzo wa msamiati wa Kiswahili walikofanya kazi yao: Krapf katika Mombasa na Rabai, Steere katika Unguja, na wengine waliowafuata. Msomaji wa Nakuru au Baringo anayeifungua kamusi hukuta humo mti wa kwao umeelezwa kwa matumizi ambayo mababu zake hawakuyashughulikia sana, na yale waliyoyashughulikia kila siku hayamo.

Jambo hili lina uzito kuliko dosari ndogo ya kamusi. Kiswahili ni lugha ya taifa nchini Kenya, na tangu Katiba ya mwaka 2010 ni lugha rasmi pia pamoja na Kiingereza. Lugha iliyopewa daraja hiyo hudaiwa ujuzi wa nchi nzima, wala haitoshi ibebe ujuzi wa mwambao peke yake. Mkindu ni kipimo kizuri cha deni hilo, kwa sababu ni mti mmoja unaoota pande zote mbili, na kila upande una historia yake ya kuutumia na kuutaja.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba mti, kazi ya mikono na maneno havikusafiri pamoja. Mti ulikuwapo bara tangu kale, na wenyeji waliujua kwa majina yao wenyewe. Kazi ya kusuka ukindu, kwa namna ilivyofanywa pwani, haikushika mizizi katika Bonde la Ufa la kati. Maneno ya kazi hiyo, kinyume chake, yalipanda na misafara na reli, yakaenea, na yanatumiwa hata leo na watu wasiowahi kushika chane ya ukindu. Kutenganisha mambo haya matatu ndiyo njia ya kuielewa historia ya mkindu.

2. Mti na makazi yake

Mkindu, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata, ni ndugu wa mtende wa Arabuni. Aghalabu hauoti shina moja bali kichaka cha mashina kadhaa yanayotoka katika shina la chini mamoja, kila moja likiinamia upande wake. Majani yake ni marefu, yamepangika kama unyoya, na sehemu ya chini ya bua ina miiba mikali. Mti wa kiume ni mbali na wa kike. Wa kike huzaa vishada vya matunda madogo yenye rangi ya machungwa, ambayo huliwa na watoto, ndege na nyani.

Yafaa mkindu utengwe na jamaa zake watatu ambao mara nyingi huchanganywa nao. Mnazi ulitoka ng'ambo ya bahari, upande wa Asia, ukapandwa mwambao. Mkoche, ambao mahali pengine huitwa mkoma, una majani ya kipepeo yanayotoa miyaa, nao hupenda nchi kavu. Mvumo ni mti mkubwa wenye shina lililovimba katikati. Mkindu ni mzalia wa Afrika: huanzia Senegali hadi Afrika Kusini na kuvuka mpaka Madagaska. Unachohitaji hasa ni maji yaliyo karibu na mizizi. Kwa hiyo huota kwenye mabwawa ya pwani, kando ya mito ya bara, na hata katika nyanda zilizo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500.

Bonde la Ufa la kati linao ukame mwingi, lakini pia lina chemchemi. Maji hushuka kutoka kwenye kuta za bonde, hupotea katika miamba, kisha huibuka chini yakiwa baridi au ya moto. Kaskazini ya Ziwa Bogoria, penye bwawa la Loboi, mikindu husimama pamoja na mafunjo na mitete mahali ambapo hatua chache pembeni ni nchi ya migunga na mawe. Mahali kama hapo mti huu ni alama ya maji. Mchungaji anayeona vilele vyake kwa mbali hujua ng'ombe watakunywa.

3. Jina na jamaa zake

Shina -kindu ni la kale katika lugha za Kibantu, nalo halikutungwa na Waswahili. Katika Kikikuyu mti huu ni mukindu, na katika Kikamba shina ni hilohilo. Katika Kiganda ni mukindo, kwa tofauti ya irabu ya mwisho. Maneno haya hayakukopwa kutoka pwani, kwa sababu yanafuata sauti na ngeli za lugha zenyewe, na kwa sababu mti wenyewe upo katika nchi za wasemaji wake. Ni urithi wa pamoja: watu waliotawanyika waliondoka na jina, kisha wakaukuta mti kila walikofika penye maji.

Kiswahili kilichofanya ni kulipanua shina hilo kwa viambishi. Mkindu ni mti, ukindu ni jani lililochanwa tayari kwa kusukwa, na wingi wake ni kindu. Ngeli ya u- hapa inafanya kazi yake ya kawaida ya kutaja kitu chembamba na kirefu, kama katika ufito, ukuti na uzi. Kwa njia hii mti na mali ghafi yake hubaki katika familia moja ya maneno, na msemaji hahitaji maelezo zaidi. Si kila lugha ya Kibantu iliyofanya hivyo. Waganda nao husuka mikeka mizuri kwa majani ya mti huuhuu, lakini jani lililotayarishwa huliita ensansa, neno lisilohusiana na mukindo.

Katika Bonde la Ufa la kati mambo ni mengine kabisa. Wakalenjin huuita mti huu sosiot, na Wamaasai ol-tukai. Hakuna kati ya majina hayo lenye uhusiano na -kindu. Laiti watu wa bara wangeufahamu mti huu kwa kuelezwa na wafanyabiashara wa pwani, jina la Kiswahili lingeonekana katika lugha zao, kama yanavyoonekana majina ya vitu vingi vilivyoletwa na misafara. Halionekani. Ushahidi wa lugha unakubaliana na ushahidi wa mimea: mti ulikuwa wa wenyeji kabla ya mgeni kufika.

Ramani ya Kenya inathibitisha jambo hilo kwa namna ya kupendeza. Katika njia ya reli itokayo Mombasa upo mji wa Makindu, katika nchi ya Wakamba. Chini ya Mlima Kilimanjaro, katika nyika ya Amboseli, pana mahali paitwapo Ol Tukai. Katika upande wa Kericho upo mji mdogo wa Sosiot. Majina matatu, ya lugha tatu zisizo na nasaba ya karibu, yanarudi kwenye mti mmoja. Watu walioyatoa hawakuhitaji kuulizana. Kila jamii ilikuta vichaka vya mikindu penye maji, ikapaita mahali kwa alama yake.

4. Kazi ya ukindu mwambaoni

Ili ieleweke ni kitu gani kilichopanda bara na kitu gani kilichobaki, ni lazima kazi ya pwani ielezwe kwa taratibu yake. Mkataji huchagua makuti machanga yaliyo katikati ya mti, kabla hayajafunguka sawasawa, kwa sababu hayo ndiyo laini na meupe. Huyaanika juani mpaka yakauke na kupauka. Kisha majani hutolewa kwenye bua na kuchanwa kwa ukucha au kisu kuwa chane za upana ulio sawa. Chane zinazotakiwa rangi huchemshwa pamoja nayo. Zamani rangi ilitokana na mimea, kama vile mdaa uliotoa nyeusi, na baadaye rangi za dukani zikachukua nafasi hiyo.

Msukaji hashughuliki na mkeka mzima kwa mara moja. Husuka kwanza ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, ambao aweza kuufanya akiwa barazani, akizungumza, akimlea mtoto, akingoja chungu kichemke. Ukili hukunjwa kadiri unavyozidi kurefuka. Unapofikia kipimo, huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo, kisha mkeka hukatwa na kutiwa pindo. Uzuri wa mkeka hupimwa kwa wembamba wa chane, ulinganifu wa mshono na mpangilio wa rangi. Katika sehemu nyingi za Pemba, Unguja na visiwa vya Lamu kazi hii ni ya wanawake, na mapato yake ni yao.

Msamiati wa kazi hii ni mpana. Mkeka wa kulalia ni wa ukindu. Jamvi ni la kutandika sakafuni, nalo ni zito, aghalabu la miyaa. Msala ni wa kusalia. Kitanga ni mkeka mdogo wa mviringo. Kanda ni mfuko mrefu wa kusukwa, mpana chini na mwembamba mdomoni, wa kutia nafaka. Kuna vikapu, mikoba, vipepeo vya kupulizia moto na kawa za kufunikia chakula. Hata tanga la mtepe, jahazi la kale lililoshonwa kwa kamba bila misumari, lilikuwa jamvi la majani yaliyosukwa. Mtu wa pwani alizaliwa juu ya mkeka, akalalia mkeka, akasalia mkeka, na alipokufa mkeka ulikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kutafutwa.

Swali linalopaswa kuulizwa ni kwa nini mkeka ulipata nafasi hiyo kubwa. Jibu moja limo katika mazingira. Mwambao wenye joto na unyevu unahitaji malazi yapitishayo hewa na yafutikayo kwa maji. Tena katika sehemu nyingi za pwani na nyika iliyo nyuma yake mbung'o walizuia ufugaji mkubwa wa ng'ombe, na kwa hiyo ngozi hazikuwa nyingi kiasi cha kutandikwa kila nyumba. Mkindu ulikuwa karibu, na mikono ilikuwapo. Jibu hili ndilo linalofungua mlango wa kuyaelewa mambo ya Bonde la Ufa.

5. Misafara, Njemps na Nakuru

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya biashara iliyoondoka Mombasa na Pangani ilifika Bonde la Ufa la kati ikitafuta pembe za ndovu. Njia ilipita Taveta na Ngong, ikashuka Naivasha, ikapita karibu na Ziwa Nakuru na kuendelea mpaka Ziwa Baringo. Hapo Wailchamus, waliolima kwa kumwagilia maji ya mto, walikuwa na nafaka za kuuza, na vijiji vyao vilikuwa kituo cha kupumzikia. Wasafiri waliviita Njemps Mkubwa na Njemps Mdogo. Vivumishi hivyo viwili vya Kiswahili, vilivyogandamana na jina la wenyeji, vinatosha kuonyesha ni lugha gani iliyotawala mazungumzo ya kambi.

Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883, na Teleki pamoja na von Höhnel wakafuata katika miaka ya 1887 na 1888. Wote walitegemea ujuzi wa watu wa pwani waliozijua njia kabla yao. Mmoja wao alikuwa Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa bingwa wa njia za Umaasaini. Wageni hao wa Ulaya huandikwa kama wavumbuzi, lakini walitembea katika nchi ambayo ilikwisha kupewa majina ya Kiswahili na watu waliolalia mikeka ya ukindu.

Mkeka ulikuwa sehemu ya safari. Mpagazi aliubeba umekunjwa juu ya mzigo wake, na usiku ulikuwa kitanda chake. Mizigo ya nguo ilifungwa kwa mikeka ili isiharibiwe na mvua na miiba, na vyakula vilitiwa makandani. Hivyo watu wa Naivasha, Nakuru na Baringo waliviona vitu vilivyosukwa kwa ukindu muda mrefu kabla ya utawala wa Kiingereza. Waliviona, wakasikia majina yake, lakini hawakuichukua kazi yenyewe.

Reli ilizidisha mkondo huo. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, Nakuru mwaka 1900 na pwani ya Ziwa Viktoria mwaka 1901. Nakuru, mahali ambapo jina lake ni la Kimaasai, pakawa kituo, kisha mji mwaka 1904. Mwaka huohuo mkataba kati ya serikali ya kikoloni na Wamaasai uliwaondoa wenyeji hao katika nchi ya Naivasha na Nakuru, na ardhi ikapewa walowezi. Wasemaji wa neno ol-tukai walihamishwa, majina yao ya mahali yakabaki. Katika mashamba na mitaa mipya waliingia Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakalenjin, watu wa pwani, Wanubi na Wahindi. Hapo mkindu wa Kiswahili ulikutana tena na ndugu yake mukindu wa Kikikuyu, baada ya kutengana kwa karne nyingi, na wazungumzaji wachache ndio waliotambua kuwa ni neno moja.

Kusuka ukili hakukuwa kazi ya mji huo. Wanawake wa Kikikuyu na wa Kikamba walikuwa na ufundi wao wa kufuma kiondo kwa nyuzi za magome ya miti. Mkonge ulipoingia na kulimwa katika mashamba makubwa, yakiwamo ya Mogotio, kaskazini ya Nakuru, nyuzi zake zilichukua nafasi ya magome bila kubadili namna ya kufuma. Mkeka uliouzwa Nakuru ulitoka pwani kwa treni, kama ulivyotoka nazi na samaki mkavu.

6. Sosiot katika utamaduni wa maziwa

Kwa nini basi wafugaji wa Bonde la Ufa, waliokuwa na mti na waliouona mkeka, hawakusuka? Kusema hawakuwa na ujuzi ni kupotosha. Mwenye ng'ombe alikuwa na ngozi. Ngozi iliyotengenezwa vyema ilikuwa godoro, vazi, mlango na mkoba, na katika baridi ya nyanda za juu ilimfaa mlalaji kuliko mkeka unaopitisha hewa. Mahali pa ukindu palikwisha kuchukuliwa. Mti huo ukabaki huru kufanya kazi nyingine, nayo ni kazi ambayo mtu wa pwani hakuihitaji.

Kazi hiyo ni ya kibuyu. Miongoni mwa Wakalenjin maziwa huhifadhiwa katika kibuyu kirefu kiitwacho sotet, na humo hugandishwa kuwa mursik. Maziwa yakikaa katika chombo kichafu huoza badala ya kuganda, na kibuyu chenye shingo nyembamba hakiingii mkono. Hapo ndipo unapohitajika ufito wa mkindu. Ufito huo, mgumu lakini wenye kupindika, una nyuzi imara zinazofanya kazi ya brashi: huingia shingoni, hufuata mviringo wa tumbo la kibuyu na kukwangua kila upande. Baada ya kusafishwa na kukauka, kibuyu hufukizwa kwa vijinga vya miti maalumu, hasa senetwet, na masizi yake husuguliwa ndani kwa ufito uleule. Masizi huyapa maziwa rangi ya kijivu, harufu na ladha, tena huyasaidia kukaa muda mrefu.

Brashi hiyo nayo huitwa sosiot. Jina la mti limekuwa jina la chombo. Ulinganisho na Kiswahili ni wa kufundisha. Msemaji wa Kiswahili alichukua shina -kindu akalihamishia kwenye jani, kwa sababu jani ndilo lililomlisha. Msemaji wa Kikalenjin alilichukua jina zima akalitia kwenye ufito, kwa sababu ufito ndio uliolinda maziwa yake. Katika lugha zote mbili, kile ambacho watu wamekithamini katika mti ndicho kinachobeba jina lake. Anayetaka kujua mti uliwafaa watu kwa nini hana budi aangalie jina limeangukia sehemu gani ya mti huo.

Pande hizi mbili zina jambo moja la pamoja ambalo halikutajwa mara nyingi. Utayarishaji wa kibuyu, kama usukaji wa ukili, umekuwa hasa mikononi mwa wanawake. Sifa ya nyumba ya Kikalenjin ilikuwa mursik yake, kama sifa ya nyumba ya Pemba ilivyokuwa mikeka yake. Wageni waliokusanya maneno walizungumza zaidi na wanaume: viongozi wa misafara, walimu, wazee wa baraza. Yawezekana kabisa kuwa uchache wa maneno ya kazi hizi katika vitabu hautokani na uchache wake katika lugha, bali na mlango ambao mkusanyaji hakuubisha.

7. Maneno yaliyobaki bila mti

Wakati kazi ya ukindu haikufika, maneno yake yalifika na kukaa. Mtu wa Nakuru asiyewahi kuona mnazi husema kuwa kiongozi fulani amekalia kuti kavu, na kila msikilizaji huelewa kuwa cheo chake ki mashakani. Mkutano unapokwisha, husemwa kuwa jamvi limekunjwa, ijapokuwa watu walikaa vitini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, methali iliyozaliwa juu ya mnazi, hufundishwa katika madarasa ya Molo na Njoro kwa watoto ambao kwao neno tembo ni mnyama wa mbugani.

Mkeka wenyewe umebadilika. Katika masoko ya bara mkeka unaouzwa zaidi leo ni wa plastiki, uliotengenezwa kiwandani, nao unaitwa mkeka bila kivumishi chochote. Ule wa asili ndio unaohitaji maelezo na kuitwa mkeka wa ukindu. Mabadiliko haya ni ya kawaida katika historia ya maana: kitu kikongwe kinapopitwa na kipya, kipya hurithi jina na kikongwe huongezewa sifa. Vijana wa Kenya na Tanzania wamekwenda mbali zaidi, wakaita mkeka orodha ya mechi ambazo mchezaji wa kamari amezibashiri. Hapo haikubaki chane wala ukili, ila wazo la vitu vingi vilivyopangwa pamoja.

Maneno haya ni hai, na hakuna sababu ya kuyalaumu. Lakini yanatoa onyo. Msamiati wa jumla, ule unaoweza kupanda kuwa msemo, umeokoka. Msamiati wa undani, wa hatua za kuchana, kupauka, kusuka na kushona, hauwezi kupanda kuwa msemo, na hufa pamoja na kazi. Ndivyo ilivyo pia kwa upande wa sosiot. Mursik hujulikana nchi nzima na hupewa wanariadha wanaporudi na ushindi. Maneno ya kusafisha na kufukiza kibuyu yanajulikana na wachache zaidi kila mwaka, kwa kuwa maziwa ya mjini hununuliwa pakitini.

8. Mti, nchi na haki ya kuutumia

Maneno ya kazi hutegemea kazi, na kazi hutegemea kuufikia mti. Katika Bonde la Ufa la kati jambo hili limekuwa suala la haki. Ziwa Bogoria, lililoitwa Hannington wakati wa ukoloni, ni nchi ya Waendorois, jamii ya wasemaji wa Kikalenjin. Mwaka 1973 eneo la ziwa lilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na Waendorois wakaondolewa. Shauri lao lilifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 ulisema kuwa haki zao za mali, dini, utamaduni, maliasili na maendeleo zilikuwa zimevunjwa. Mwaka 2011 maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elementaita yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO.

Tarehe hizi zinamhusu mwanaisimu. Jamii iliyozuiwa kuingia penye chemchemi zake imezuiwa pia kuingia penye mimea yake, na mtoto asiyefika penye mti hujifunza jina lake kama neno la hadithi. Uamuzi wa mwaka 2010 ulizungumzia utamaduni kwa jumla, lakini utamaduni huo umejengwa kwa mambo madogo kama vile ufito wa kusafishia kibuyu.

Mazingira nayo yamebadilika. Tangu mwaka 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda kwa kiasi kikubwa, na kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamefunika mashamba, shule, barabara na miti ya kandokando katika Nakuru, Bogoria na Baringo. Kwingine mabwawa yamekaushwa au maji yake kupelekwa mashambani. Mkindu ni mvumilivu na huchipua upya ukikatwa, lakini hauwezi kuhama haraka kama maji yanavyohama.

Kwa upande mwingine, Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na vikapu vya kusukwa na kufumwa vikarudi mikononi mwa wanunuzi wa mijini. Hatua hiyo haikufufua ukindu peke yake, wala haikukusudiwa kuufufua. Ilionyesha, hata hivyo, kwamba kazi inayodhaniwa kuwa ya zamani yaweza kuhitajiwa tena ghafla. Ikihitajiwa, wenye kuijua watatafutwa, na maneno yao pamoja nao.

9. Hitimisho

Historia ya mkindu katika Bonde la Ufa la kati si historia ya kitu kilicholetwa kutoka pwani. Mti ulikuwa wa pande zote mbili. Pwani, uhaba wa ngozi na wingi wa joto uliufanya uwe malazi, na lugha ikalitoa neno ukindu. Bara, wingi wa ng'ombe uliufanya uwe mlinzi wa maziwa, na lugha ikalitoa neno sosiot kwa maana mbili. Misafara na reli zilileta mikeka na misemo, hazikuleta mti, na hazikuweza kuufuta ujuzi uliokuwapo.

Kutokana na haya kazi iliyo mbele ya watunga kamusi ni dhahiri. Kidahizo cha mkindu hakina budi kutaja makazi ya mti pwani na bara, na matumizi yake ya maziwa pamoja na ya mikeka. Maneno sotet, sosiot na senetwet yanastahili kufikiriwa kama mursik lilivyofikiriwa, kwa kuwa wasemaji wa Kiswahili wa Nakuru, Baringo na Kericho wanayatumia wanapozungumza Kiswahili. Ukusanyaji huo ufanywe kwanza kwa wanawake wenye umri mkubwa, wasukaji wa mwambaoni na watayarishaji wa vibuyu wa bara, tena ufanywe penye kazi yenyewe, chane na ufito vikiwa mkononi. Anayeulizwa majina ya kazi akiwa mbali na kazi hukumbuka machache. Akiipata kazi mbele yake, mikono humkumbusha mengine.